Balbu Zinazobania Mwanga

Nyumbani, 9 Januari

Mwanangu Washazima,

Salamu zangu zikufikie kabla ya malalamiko, maana malalamiko yapo na si haba. Mimi sijambo. Goti la kushoto linagombana na ngazi, lakini sisi tumeshazoeana. Baba yako naye hajambo. Alipita hapa wiki iliyopita na kuku wawili kwapani, akaniambia ameanza ufugaji. Kaka yangu huyu hajawahi kufuga hata ndevu. Tuwaombee kuku.

Jirani yangu Mwalimu anakusalimu. Tangu astaafu hana wa kumfokea, basi kila jioni anakuja kwangu kunywa chai na kunisahihisha.

Na usiniulize kwa nini sipigi simu. Kwenye simu, kila nikifika penye maana unasema, "Sikusikii, Shangazi." Barua inasikia.

Sasa sikia. Unakumbuka zile balbu ulizoniletea, zile za kubana matumizi, na jinsi ulivyoziapia? Ulisimama juu ya kiti changu cha cherehani ukasema, "Shangazi, hizi ukishazifunga umezisahau. Zinadumu saa elfu kumi na tano, imeandikwa hapa kwenye boksi." Nikakwambia boksi ni la muuzaji, litasema anachotaka muuzaji. Ukacheka. Haya, njoo ucheke tena. Ya jikoni imechoka. Ya sebuleni imechoka. Ya chumba cha cherehani, ambayo ndiyo niliyoitegemea, niliibadilisha kabla ya mwaka mpya, na hiyo mpya nayo imeanza kufifia. Hazifi kiungwana kama balbu za zamani: pu, giza, ukajua msiba umeingia. Hizi zinazeeka kidogo kidogo huku zinakutazama. Kubana matumizi zinabana, sikatai, lakini na mwanga pia zinanibania.

Mwanangu, silalamiki kwa kupenda maneno. Shule zimefunguliwa, na sare za watoto zimejaa mezani hadi sina pa kuweka kikombe. Mwanga ukinitoka, kazi imenitoka, na kazi ikinitoka sijui nitakuwa nani ndani ya nyumba hii. Cherehani hii ilinilisha mimi, ikakulisha na wewe. Wewe ni fundi umeme, tena wa hospitali nzima. Niambie basi: balbu hizi zinadumu muda gani kwa kweli, achana na boksi?

Shangazi yako,
anayeandika karibu na dirisha


Nyumba za wafanyakazi, hospitalini, 27 Januari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikiwa juu ya ngazi kwenye korido ya wodi ya wazazi. Nilipofika kwa kuku wa Baba nilicheka mpaka muuguzi akaja kunishikia miguu. Mfikishie Mwalimu salamu zangu, mwambie bado naogopa kalamu nyekundu.

Mimi ni mzima. Chumba changu kina dirisha linalotazama nyuma ya jiko la hospitali, kwa hiyo najua chakula cha wagonjwa kabla ya wagonjwa wenyewe. Hapa wananiita Fundi. Jina la Washazima limebaki kwako peke yako. Mtoto mwingine angechapwa kwa kuchezea swichi kutwa nzima. Wewe ulimpa jina, na jina likamtafutia kazi.

Tuje kwenye balbu. Boksi halidanganyi, Shangazi, ila linasema ukweli wa kiwandani. Huko balbu imening'inizwa wazi, hewa inapita, umeme umetulia, wala hakuna wa kuisumbua. Nyumbani tunaifungia ndani ya kifuniko cha kioo, inapikwa na joto lake yenyewe. Umeme unapanda na kushuka. Mtu anawasha, anazima, anakumbuka miwani, anawasha tena. Hapa kwetu taa za korido, zile za mrija uliojisokota, zinawaka kutwa kucha na zinadumu. Za chooni, zinazowashwa na kila mwenye haja, ndizo ninazozizika kila mara. Halafu kuna jambo ambalo boksi hulisema kwa herufi za sisimizi, kama hizi zangu: zile saa zikiisha balbu haijafa, ila imepoteza karibu theluthi ya mwanga wake. Kwa hiyo kufifia ni tabia yake, uliona sawasawa. Lakini ni kazi ya miaka. Zikizeeka kwa miezi, hapo pana kitu.

Naomba umwite fundi wa hapo mtaani. Afungue kile kifuniko cha kioo, maana mara nyingi balbu ni nzima na kioo ndicho kimejaa vumbi na wadudu; mtu anaizika balbu kumbe kifuniko kilitaka kufutwa tu. Atazame kama balbu imekaa vizuri kwenye holda, apime na umeme. Wewe usipande juu ya kiti. Nakujua.

Mwanao,
Washazima


Nyumbani, 18 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Huku hatujambo. Kuku wa baba yako amebaki mmoja, na huyo mmoja kutwa anautazama mlango. Mwalimu anasema "kutwa kucha" umeiandika vizuri lakini zile salamu ni fupi mno.

Fundi alikuja, kijana mpole mwenye mkanda wa spana unaomvuta suruali. Alifungua kifuniko, tukakuta kaburi la wadudu humo ndani. Nikakifuta mwenyewe kwa sabuni, nikakikausha kwa kitambaa cha pamba. Holda nzima. Umeme akaupima, akasema umetulia kuliko wa kwao. Akanifungia balbu mpya, kubwa kuliko ya kwanza, na siku ile mwanga ulikuwa wa kuonea haya. Kipya kinyemi. Baada ya siku chache tukawa palepale.

Tena sasa zimeanza na ulaghai wa rangi. Muuza duka aliniapia kuwa balbu ni nyeupe. Nimeifunga, nikapata njano kama gazeti la zamani. Na si balbu tu, watu wote wamekuwa wababaishaji. Yule fundi mpaka rangi nilimwambia anipakie ukuta wa chumba cha cherehani buluu ya anga. Kanipakia rangi ya maji ya kuoshea brashi. Nilipomwambia hivyo akanitazama, akautazama ukuta, akanitazama tena, kisha akabeba ndoo zake akaondoka bila kuaga. Sindano nazo siku hizi matundu yake yanatobolewa kwa uchoyo. Hata taa ya barabarani hapo mbele wamefunga aina hizo hizo: ina miiba pembeni kama jua lililochorwa na mtoto.

Nimechoka kubishana na vitu visivyo na mdomo. Balbu zote nilizozitoa nimezipanga kwenye boksi la nyuzi, nimezivika mabaki ya vitambaa zisigongane, na gari la vifurushi litakuletea. Zihoji. Zikikiri, niambie.

Shangazi yako


Hospitalini, 10 Machi

Shangazi,

Shikamoo. Boksi limefika, na hakuna hata moja iliyovunjika. Ulivyozivisha, nilidhani umeniletea watoto wachanga. Nitazipima zote nikipata nafasi karakanani.

Usicheke mwandiko wa leo. Kalamu yangu nyembamba imepotea, kwa hiyo natumia hii nene ya kuandikia vibao vya swichi, ndiyo maana herufi zimenenepa.

Nikuulize mambo mawili ya kijinga. Mistari ya barua yako ya mwisho imepanda mlima, na mahali pawili maneno yamekaliana. Uliandikia kwenye gari? Na bado unasoma gazeti lako la Jumapili?

Mwanao


Nyumbani, 2 Aprili

Mwanangu,

Sijambo, marahaba, baba yako hajambo, kuku hajambo.

Meza imelegea mguu mmoja, ndiyo maana mistari imepanda. Gazeti limejaa matangazo ya vifo, nimeliacha. Kalamu yako nene haina shida. Barua yako nimeipata nukta kwa nukta. Sasa wewe badala ya kuhoji balbu unanihoji mimi.

Zimesemaje?

Shangazi yako


Nyumbani, 8 Mei

Mwanangu Washazima,

Natumaini u mzima, maana sijui. Mwezi umepita, mwingine umeingia. Ungekuwa mgonjwa baba yako angejua, na baba yako anajua habari za kuku tu.

Kama balbu ni mbovu, ni sentensi moja. Ungeshaiandika. Fundi wa taa akinyamaza juu ya taa, mtu anaanza kusikiliza ule ukimya wenyewe. Mimi sitaki kuusikiliza. Niandikie.

Shangazi yako


Hospitalini, 24 Mei

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima wa mwili. Nisamehe kimya changu. Kila nilipokaa kuandika niliishia kwenye salamu, nikachana karatasi.

Balbu zako zote zinawaka.

Nilizifunga moja moja kwenye ubao wa majaribio, nikazipa muda zipate joto, nikaazima kipima mwanga cha fundi mkuu. Ile ya jikoni, uliyosema imechoka, ilimulika karakana nzima mpaka nikaona matope kwenye viatu vyangu. Ile nyeupe iliyogeuka njano ni nyeupe. Nilirudia siku iliyofuata, nikitafuta hata moja ya kukuletea habari mbaya juu yake. Sikuipata.

Wiki ileile niliitwa chumba cha macho kubadilisha taa. Nilikuwa ndio kwanza nimeifunga na kuiwasha, akaingia mzee ameshikwa mkono na mkewe. Akainua uso akaniambia kwa upole, "Fundi, taa yenu ya humu ni mbovu." Daktari akanitazama pale juu ya ngazi, akasema, "Usijali, Fundi. Wengi wao huanza kwa kugombana na taa." Nikauliza wanaonaje. Akasema rangi zinafifia, nyeupe inakuwa njano, buluu inapotea, taa za barabarani zinaota miiba. Shangazi, nilishuka kwenye ngazi, nikaenda nyuma ya jenereta ambako hakuna anayesikia kitu, nikalia.

Nenda ukapimwe macho. Nilishindwa kuliandika neno hilo tangu mwezi wa tatu. Sasa nimeliandika.

Mwanao anayekupenda,
Washazima


Nyumbani, 5 Juni

Washazima,

Marahaba. Baba yako hajambo. Kuku ametaga.

Wahenga walisema kula na kipofu, usimshike mkono. Wewe umenishika mkono, tena mbele za watu. Sikukulea hivyo.

Bibi yako humkumbuki vizuri, ulikuwa mdogo. Mimi namkumbuka. Alikaa kwenye kile kiti cha mlangoni, na kila hatua ikipita anauliza, "Nani huyo?" Mimi ndiye niliyekuwa namjibu. Nani huyo? Ni muuza maziwa, Mama. Nani huyo? Ni paka. Mwishoni alikuwa ananiuliza hata mimi, nikiwa nimeketi miguuni pake nashona. Jicho la kwetu likizima limezima. Balbu hubadilishwa, kwa hiyo mimi nitanunua balbu.

Usiniandikie tena habari hizo.

Shangazi yako


Hospitalini, 16 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Hata ukininunia, shikamoo.

Mbele za watu gani? Barua niliifunga kwa gundi, na juu yake niliandika jina lako peke yake. Nimefikiri sana na sijapata jibu.

Nimempigia Baba nikamuuliza Bibi alitibiwa wapi. Nikamsikia kuku kwa nyuma. Kisha akasema hakutibiwa popote. Bibi alisema ni uzee, na nyumba nzima ikakubali kuwa ni uzee. Kwa hiyo hujui kama jicho la kwenu likizima limezima, Shangazi. Hakuna aliyewahi kulifungua kulitazama. Mficha maradhi, kilio humuumbua, na maneno hayo nilifundishwa na wewe, nilipokuwa naficha jino bovu.

Unakumbuka nilikuandikia kwamba mara nyingi balbu ni nzima, ni kifuniko tu? Nilimuuliza daktari wa macho, nikamweleza kwa lugha yetu ya mafundi. Akasema ukungu wa aina ile anayoifikiria ndivyo ulivyo. Ndani ya jicho kuna kioo, nacho huchafuka kwa miaka. Taa iliyo nyuma yake nzima. Wanatoa kioo kilichochafuka, wanaweka kisafi. Lakini hawezi kuapa kwa mtu ambaye hajamwona, na kuna magonjwa mengine ya macho ambayo hayangoji. Ndiyo maana nakusumbua.

Nimeomba likizo mwezi wa nane. Nitakuja. Ukipenda nifungie mlango, nitakaa na kuku.

Mwanao


Hospitalini, 20 Julai

Shangazi, shikamoo.

Hata barua ya kunigombeza naitaka.

Mwanao


Nyumbani, 11 Agosti

Mwanangu,

Kaa chini kwanza. Nimepata mtoto.

Wewe unajua jinsi nilivyomwomba Mungu ujanani. Miaka yote ile kimya. Sasa, na goti hili, daktari ananitazama kwa kimulimuli chake, anarudi nyuma, ananiambia, "Mama, una mtoto wa jicho." Nikamuuliza wa kike au wa kiume. Akasema, "Ni pacha. Mmoja kila upande." Mwalimu aliyenisindikiza alicheka mpaka akatolewa nje.

Nitakwambia kilichonipeleka, maana hukuwa wewe, usijivune. Mama mmoja alikuja kuchukua sare ya mwanawe. Nilikuwa nimeshona mfuko kwa uzi mweusi kwenye kitambaa cha buluu, na mfuko wenyewe nimeugeuza mdomo chini. Mimi niliyemshonea mamake gauni la harusi. Akaugeuzageuza mikononi, nikasikia anavyougeuza. Angegombana ningejitetea, maneno ninayo. Hakugombana. Alisema kwa sauti ndogo, "Hakuna shida, Fundi. Haionekani." Akalipa, akaondoka na mfuko wake uliopinduka.

Haionekani! Nilikaa na neno hilo siku kadhaa. Watu wazima wakianza kukufichia makosa yako, ujue wameshakuweka kwenye kiti cha mlangoni. Asubuhi moja Mwalimu alipita nje akienda dukani, na mimi kabla sijafikiri nikajisikia nauliza, "Nani huyo?" Nikavaa viatu nikamfuata.

Wataanza na jicho la kulia mwishoni mwa mwezi. Wanasema haliumi. Wanaosema haliumi ni wale wanaoshika kisu. Naogopa, mwanangu. Nimelisema mara moja, sitalirudia.

Likizo yako iahirishe, nakuomba. Usije kunishika mkono. Njoo baadaye, nataka ukija nikuone.

Shangazi yako


Hospitalini, 19 Agosti

Shangazi yangu,

Shikamoo, Mama Pacha.

Nimesogeza likizo mpaka Oktoba. Fundi mkuu amelalamika, nimemwambia shangazi yangu amejifungua, akanipa mkono wa hongera. Bado sijamweleza.

Siku hiyo nitakuwa kazini, lakini sitapanda ngazi. Nami naogopa, kama inasaidia kujua.

Mwanao


Nyumbani, 23 Septemba

Mwanangu Washazima,

Marahaba, marahaba, na nyingine ya kesho. Sisi wote wazima. Baba yako amenunua kuku wengine sita na amewapa majina, sitaki kuyajua. Jicho la kulia limepona, wanasema la kushoto litafuata mwaka mpya. Natia dawa kila siku, siinami, sibebi ndoo. Mwalimu ndiye anayeinama, na kila akiinama ananieleza.

Wahenga walisema macho hayana pazia. Wale walikuwa vijana. Langu lilikuwa nalo, tena zito, lenye bitana, na mimi fundi wa mapazia sikujua. Siku waliyofungua bandeji, kitu cha kwanza kukiona kilikuwa shati la daktari. Buluu! Mwanangu, nilikuwa nimesahau kwamba buluu ni kali hivyo. Nilimshika mkono wa shati nikaangalia mshono. Ulikuwa mbaya, nikamwambia.

Kisha nikarudi nyumbani, nikafungua mlango wa chumba cha cherehani, na ukuta ulikuwa anga. Anga kabisa, bila doa. Nikarudi nyuma nikaketi kwenye ngazi kwa aibu. Kesho yake nilimtafuta yule mpaka rangi hadi nikampata juu ya nyumba ya watu. Nikamwomba radhi kwa sauti kubwa kutoka chini, mtaa mzima ukasikia. Akasema, "Mama, mimi nilidhani nimeanza kupofuka." Maskini, alikuwa amekwenda kupimwa.

Si mambo yote yamekuwa mazuri. Nyumba yangu ni chafu, hakuna aliyeniambia. Mwalimu amezeeka ghafla. Nikamwambia, naye akanijibu nijitazame kwenye kioo. Nikajitazama. Siku hiyo tulikunywa chai kila mtu akitazama kikombe chake. Na zile balbu kubwa nilizozirundika humu ndani zinanichoma. Sebule yangu inaonekana kama chumba cha kupasulia watu. Ukija niletee zangu za zamani, zile ulizozihoji zikakutwa hazina hatia. Kama kuna anayekuuliza zinadumu muda gani nyumbani, mwambie inategemea kifuniko, inategemea umeme, inategemea na macho ya mwenye nyumba. Ile ya jikoni nitaifunga palepale ilipokuwa, na nitaiomba radhi pia, nimeshazoea.

Sasa jambo la mwisho, na hili nimelizunguka tangu salamu.

Uliniuliza ulinishika mkono mbele za watu gani. Ni Mwalimu. Ndiye aliyekuwa ananisomea barua zako zote, tangu ile ya Januari. Mimi naandika mwenyewe, naweka kipande cha ubao chini ya mstari nakwenda kwa kupapasa. Lakini kusoma nilishindwa tangu mwaka jana. Ile ya Mei aliisoma kwa sauti mpaka mwisho, kisha akaikunja akanyamaza, na Mwalimu hajawahi kunyamaza. Ndiyo maana nilikukasirikia. Hukuwa na kosa. Uliniandikia mimi peke yangu.

Kwa hiyo barua zako nilizijua kwa sauti yake tu. Jana asubuhi nikazitoa zote nizisome mwenyewe. Ile ya Januari herufi zako ni zile zile za sisimizi. Ya Machi zimekuwa kubwa. Ya Mei kubwa zaidi. Ya Juni umeandika maneno manne kwenye mstari, kila neno kama kibao cha duka, na barua fupi ile imekula karatasi kumi na moja, nyeusi tii, umeikoleza kila herufi mara mbili. Nimemuuliza Mwalimu kwa nini hakuniambia. Anasema alidhani ndivyo mafundi umeme wanavyoandika.

Kumbe kalamu haikupotea.

Daktari amenikataza kulisugua jicho, basi niliyaacha machozi yashuke yenyewe.

Oktoba njoo. Nitakungoja kituoni, nitakuona kabla hujaniona. Na barua utakayonijibu, iandike kwa kalamu yako nyembamba, herufi ndogo kabisa. Naisoma mwenyewe.

Shangazi yako,
anayeandika mbali na dirisha